Maswali na Majibu: Kujenga lugha ya programu kwenye NetBSD, OpenBSD na Haiku

Barua za safari hii zinafanana. Mtu ana mfumo endeshi usio Linux, anataka lugha fulani, kifurushi hakipo au kimepitwa na wakati, anaamua kujenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo, kisha kazi inakwama.

Kabla ya majibu, ombi moja kwa wote. Kwa lugha nyingi zinazojulikana, kuna mtu alishaijenga kwenye mfumo wako na akaacha kumbukumbu ya kila alichobadilisha. NetBSD inazo katika pkgsrc, mkusanyiko wake wa vifurushi, ndani ya `/usr/pkgsrc/lang`. OpenBSD inazo ndani ya `/usr/ports/lang`. Haiku inazo katika HaikuPorts, chini ya `dev-lang`. Fungua folda ya lugha unayoitaka, kisha ingia kwenye folda iitwayo `patches` (kwa HaikuPorts huwa ni faili zenye neno `patchset`). Viraka vilivyomo, yaani faili za marekebisho madogo ya msimbo, ndivyo vitakavyokuambia ni mstari gani wa chanzo unaodhani uko Linux. Nusu ya maswali tunayopokea yana jibu lake humo, na mara nyingi ni kiraka cha mistari mitatu tu.

Python imejengwa, lakini `import ctypes` inagoma

*Nina NetBSD 10 kwenye kompyuta ya amd64. Nimejenga Python 3.12. `make` inafika mwisho, ila nikijaribu `import ctypes` naambiwa `No module named '_ctypes'`. Nikaweka maktaba ya libffi kwa pkgin, kisakinishi cha vifurushi, nikaongeza `-I/usr/pkg/include` na `-L/usr/pkg/lib`, nikajenga upya, na kosa ni lile lile. Kasoro iko wapi?* — Msomaji, Morogoro

Kosa unaloliona ni lile lile, lakini sababu yake imebadilika. Rudi kwenye mistari ya mwisho ya `make` uisome kwa makini. Python hutoa taarifa mbili tofauti kuhusu moduli zilizokosekana, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza inaanza hivi: `The necessary bits to build these optional modules were not found`. Maana yake kompaila haikuona faili za vichwa (headers) au maktaba, kwa hiyo moduli haikujengwa kabisa. Hapo ndipo ulipokuwa mwanzo.

Ya pili ni hii: `Following modules built successfully but were removed because they could not be imported`. Hapa moduli ilijengwa vizuri, ila Python ilipojaribu kuipakia, maktaba ambayo moduli hiyo huitegemea haikupatikana, ikawekwa kando. Faili lake utalikuta limebadilishwa jina na kuongezewa `_failed`. Ulipoongeza `-L` ulihama kutoka taarifa ya kwanza kwenda ya pili, na zote mbili huishia kwenye ujumbe ule ule wa `import`.

Hakikisha kwa amri hii, ukiwa ndani ya folda ya chanzo:

```
ldd $(find . -name '_ctypes_failed*.so')
```

Ukiona `-lffi.8 => not found`, basi ndiyo hiyo. Alama ya `-L` humwelekeza `ld`, yaani kiunganishi, mahali pa maktaba wakati wa kujenga tu. Wakati wa kuendesha, NetBSD hutafuta maktaba ndani ya `/usr/lib`, wakati za pkgsrc zinakaa `/usr/pkg/lib`. Kwenye Linux tatizo hili halionekani sana kwa sababu usambazaji mwingi una orodha ya maktaba inayotunzwa na `ldconfig`. Kwenye NetBSD utaratibu ni kwamba kila faili libebe njia yake lenyewe, kwa alama ya `-R`:

```
pkgin install pkgconf libffi readline
make distclean
env CPPFLAGS="-I/usr/pkg/include" \
    LDFLAGS="-L/usr/pkg/lib -Wl,-R/usr/pkg/lib" \
    ./configure --prefix=/usr/local/python312
make -j4
```

Usiruke `make distclean`. Bila hiyo, faili zilizokwisha kujengwa zinabaki, `make` inaziona ni mpya, haiziunganishi tena, na `-R` yako haifiki kokote. Ukimaliza, thibitisha:

```
readelf -d build/lib*/_ctypes*.so | grep -i path
```

Lazima uone `/usr/pkg/lib` katika jibu. Kisha sakinisha kwa `make altinstall`. Hii huweka `python3.12` bila kugusa jina `python3`, hivyo vifurushi vya pkgin vinavyotegemea `python3` yao havitasumbuka.

Utasoma ushauri mahali pengi kwamba uweke `LD_LIBRARY_PATH=/usr/pkg/lib` ndani ya `.profile`. Tunaupinga. Itafanya kazi kwenye terminali yako, halafu kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) itakufa usiku kwa kosa lile lile, kwa sababu cron haisomi `.profile`.

Na ule uteuzi wa `--enable-optimizations` uuache kwa ujenzi wa kwanza. Huo hujenga Python, huendesha sehemu ya majaribio yake ili kupima ni njia zipi za msimbo zinatumika zaidi, kisha hujenga tena yote kwa vipimo hivyo. Kwenye mashine ndogo ni saa kadhaa. Hakikisha kwanza moduli zote zipo, ndipo urudie nao.

Kama `configure` yenyewe inasema `C compiler cannot create executables`, au `cc` haipo kabisa, basi wakati wa kusakinisha NetBSD hukuchagua seti ya `comp`. Kompaila na faili za vichwa zimo humo. OpenBSD nayo ina seti ya jina hilo hilo, ikifuatiwa na namba ya toleo.

Makefile haisomeki

*Naandika `make` kwenye OpenBSD, inasema `Parse error ... Need an operator in 'endif'`. Je, faili limeharibika wakati wa kupakua?* — Msomaji, Mombasa

Faili ni zima. Limeandikwa kwa lahaja ya GNU make, yenye `ifeq` na `endif` zisizo na nukta mbele, na `make` ya OpenBSD ni ya ukoo wa BSD. Sakinisha `gmake` kwa `pkg_add gmake`, kisha andika `gmake` badala ya `make` kuanzia amri ya kwanza hadi ya kusakinisha. Baadhi ya hati za ujenzi huita `make` kwa jina ndani yake. Hizo zipe `gmake MAKE=gmake`, na zikikaidi, fungua hati urekebishe jina.

Kwa wenye OpenIndiana au OmniOS, jamaa za illumos iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenSolaris, kosa hili hili huja kwa sura nyingine: `Fatal error in reader ... Unexpected end of line seen`. Dawa ni ile ile. Ila huko ukishavuka hapo, huenda ukakutana na orodha ndefu chini ya maneno `Undefined first referenced symbol in file`, ikitaja `socket`, `connect` au `gethostbyname`. Kazi za mtandao huko zimo katika maktaba zake, kwa hiyo mpe `configure` nyongeza hii: `LIBS="-lsocket -lnsl"`.

Go inahitaji Go

*Nina Raspberry Pi 3 yenye NetBSD ya arm64. Nataka kujenga Go kutoka chanzo, lakini inadai niwe na Go tayari. Nimesoma kwamba Go 1.4 ilijengwa kwa C, je nianzie hapo?* — Msomaji, Kigoma

Usianzie hapo. Ni kweli kwamba 1.4 ndiyo ya mwisho ambayo kompaila yake iliandikwa kwa C. Kuanzia 1.5, iliyotoka Agosti 2015, Go hujengwa kwa Go. Lakini 1.4 haiijui arm64 hata kidogo, kwa hiyo haitakufikisha popote kwenye Pi yako. Hata kwenye amd64, kupanda kutoka 1.4 ni ngazi ndefu: Go 1.20 inataka angalau 1.17, 1.22 inataka 1.20, na 1.24 inataka 1.22.

Njia fupi ni kutumia kompyuta nyingine yenye Linux na Go ya karibuni. Tuseme unataka 1.24. Kwenye hiyo Linux, yenye Go 1.22 au zaidi, fungua chanzo cha 1.24 kisha:

```
cd go/src
GOOS=netbsd GOARCH=arm64 ./bootstrap.bash
```

Ikimaliza, juu ya folda ya `go` utakuta folda mpya `go-netbsd-arm64-bootstrap` pamoja na faili lake lililobanwa la `.tbz`. Lihamishie faili hilo kwenye Pi, lifungue ndani ya folda yako ya nyumbani, ufungue na chanzo cha 1.24 pembeni yake, kisha:

```
export GOROOT_BOOTSTRAP=$HOME/go-netbsd-arm64-bootstrap
cd $HOME/go/src
./make.bash
```

Mambo manne hukwamisha hatua hii kwenye Pi.

Kwanza ni `bash`. NetBSD haiji nayo, na hati zote za Go zinaitaka, utaona `env: bash: No such file or directory`. Sakinisha kwa `pkgin install bash`.

Pili ni saa. Pi 3 haina saa yenye betri, hivyo ukiiwasha bila mtandao inaweza kuamini ni mwaka mwingine kabisa. Faili ulizofungua zinaonekana zimetoka siku zijazo, zana za ujenzi zinachanganyikiwa, na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa unapopakua. Rekebisha saa kwa `ntpdate pool.ntp.org` *kabla* ya kufungua chanzo. Waliojenga programu za `configure` kwenye mashine za namna hii watakuwa wameuona ujumbe `newly created file is older than distributed files`, chanzo chake ni hicho hicho.

Tatu ni kumbukumbu. Pi 3 ina GB 1 tu, na hatua ya kuunganisha programu ya `compile` hula nyingi. Tengeneza swapu (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu) ya GB 1 kabla hujaanza:

```
dd if=/dev/zero of=/swapu bs=1m count=1024
chmod 600 /swapu
swapctl -a /swapu
```

Kama diski yako ni kadi ya SD, jua kwamba swapu inaichakaza. Ukimaliza, iondoe kwa `swapctl -d /swapu`.

Nne, usikimbilie `all.bash`. Hiyo hujenga kisha huendesha majaribio yote, na kwenye kichakataji cha polepole baadhi ya majaribio hufeli kwa kuchelewa tu, wala si kwa ubovu. `make.bash` inatosha. Ukitaka majaribio baadaye, weka `GO_TEST_TIMEOUT_SCALE=5` uyape nafasi.

Ila tukuulize: unahitaji kompaila yenyewe kwenye Pi, au unahitaji programu zako ziende kwenye Pi? Kama ni programu, ziandike kwenye Linux na uzijenge huko huko kwa `CGO_ENABLED=0 GOOS=netbsd GOARCH=arm64 go build`, kisha unakili faili moja. Kwa wengi wanaotuandikia, hilo linamaliza shida yote.

Node inauawa OpenBSD

*Nimejaribu kujenga Node (inayoendesha JavaScript) ndani ya `/home` kwenye OpenBSD. Mara ya kwanza kompaila ilisema kumbukumbu imeisha, ingawa nina GB 16. Nilipopunguza kazi ikaendelea, lakini programu fulani ya katikati ya ujenzi inauawa, na `dmesg` inataja `W^X`.* — Msomaji, Nairobi

Una matatizo mawili yasiyohusiana, tuyachukue moja moja.

La kumbukumbu: OpenBSD huweka mpaka wa kila mtumiaji kulingana na daraja lake katika `/etc/login.conf`, na mpaka wa data wa daraja la `default` hautoshi kukompaili C++ nzito, haijalishi una GB ngapi. Angalia kwa `ulimit -d`, jibu ni kwa kilobaiti. Jiweke daraja la `staff` kwa `doas usermod -L staff jinalako`, na kama bado haitoshi pandisha `datasize-cur` na `datasize-max` za `staff` kwenye faili hilo. Kisha toka uingie upya. Watu husahau kutoka, wakadhani mabadiliko hayakufanya kazi.

La `W^X` ni la kimaumbile zaidi. Node ina JIT, yaani huandika maelekezo ya mashine kwenye kumbukumbu kisha huyaendesha papo hapo. Tangu toleo 6.0 la mwaka 2016, OpenBSD hairuhusu kipande cha kumbukumbu kiandikike na kiendesheke kwa wakati mmoja, isipokuwa masharti mawili yatimie *yote*: faili la programu liwe na alama ya `wxneeded`, na liwe kwenye sehemu ya diski iliyounganishwa kwa `wxallowed`. Kwa kawaida ni `/usr/local` peke yake yenye ruhusa hiyo. Andika `mount` uone mwenyewe. Nyumbani kwako haipo.

Na ujanja ni huu: si `node` ya mwisho tu inayohitaji ruhusa. Katikati ya ujenzi kuna programu ndogo zinazojengwa na kuendeshwa hapo hapo, zenye V8, injini ya JavaScript ya Node, ndani yake, kama `mksnapshot`. Ndizo zinazouawa. Kwa hiyo ujenzi wote lazima ufanyike kwenye sehemu yenye `wxallowed`:

```
doas mkdir /usr/local/ujenzi
doas chown $USER /usr/local/ujenzi
export LDFLAGS="-Wl,-z,wxneeded"
```

Hamishia chanzo humo uanze upya. Kuhakiki kama alama imeingia, tumia `readelf -lW` kwenye faili la programu na utafute `WXNEEDED`. Ukisakinisha, sakinisha pia chini ya `/usr/local`, la sivyo utarudi mwanzo.

Tusingekushauri kuongeza `wxallowed` kwenye mstari wa `/home` katika `/etc/fstab`. Itafanya kazi, na utakuwa umeondoa kinga hiyo mahali ambapo faili zote unazopakua hutua. Wala tusingekushauri kujenga Node kwa mkono kama `pkg_add node` inakupa toleo linalokufaa. Port yake ina viraka ambavyo chanzo cha kawaida hakina.

Wa NetBSD: kinga inayofanana na hii huko huitwa PaX MPROTECT, na programu moja huondolewa kinga kwa `paxctl +m` juu ya faili lake, bila kujali iko diski gani.

Lua kwenye Haiku

*Lua inasifiwa kwamba hujengwa popote kwa dakika moja. Kwenye Haiku ya biti 64 inakataa: `cannot find -lm`. Na nilipoilazimisha, `require` haioni moduli zangu.* — Msomaji, Dar es Salaam

Sifa hiyo ni ya haki. Lua, iliyozaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio huko Brazili, ni C safi na haina hata `configure`. Lakini Makefile yake ina dhana mbili ambazo Haiku haizitimizi.

Dhana ya kwanza ni kwamba hesabu ziko kwenye maktaba ya `libm`. Kwenye Haiku kazi hizo zimo ndani ya `libroot`, ambayo kila programu huunganishwa nayo, na `libm` haipo. Fungua `src/Makefile`, tafuta mstari unaoanza `LIBS=`, ufute `-lm` peke yake.

Dhana ya pili ni kwamba kuna `/usr/local`. Haiku haina `/usr`, na `/boot/system` yenyewe haiandikiki kwa sababu inatokana na vifurushi. Mahali pako pa kuweka ulichojenga ni `/boot/home/config/non-packaged`. Wengi hubadilisha mahali pa kusakinisha kwa `INSTALL_TOP` wakaishia hapo, na ndiyo maana `require` yako haioni kitu: njia ya kutafutia moduli haitoki kwenye Makefile, imeandikwa ndani ya `src/luaconf.h` na hugandishwa wakati wa kukompaili. Tafuta mstari wa `LUA_ROOT` uubadilishe uwe:

```
#define LUA_ROOT "/boot/home/config/non-packaged/"
```

Mkwaju (`/`) wa mwisho ni wa lazima. Majina mengine huunganishwa moja kwa moja baada ya hapo, na ukiusahau Lua itatafuta moduli ndani ya folda iitwayo `non-packagedshare`. Hakuna onyo lolote litakalotokea wakati wa kujenga.

Sasa jenga, kwa Lua 5.4:

```
make posix MYCFLAGS="-DLUA_USE_DLOPEN" MYLDFLAGS="-Wl,-E"
P=/boot/home/config/non-packaged
make install INSTALL_TOP=$P \
  INSTALL_INC=$P/develop/headers INSTALL_LIB=$P/develop/lib
```

`LUA_USE_DLOPEN` tumeiongeza kwa sababu uteuzi wa `posix` peke yake hauiweki, na bila hiyo moduli zilizoandikwa kwa C zitakataa kwa ujumbe `dynamic libraries not enabled`. `-Wl,-E` nayo huziwezesha moduli hizo kuona kazi za Lua zilizo ndani ya programu. Jaribu kwa `lua -e 'print(package.path)'`, na kisha `package.cpath`. Zote zitaje `non-packaged/`.

Mwenye Haiku ya biti 32 aandike kwanza `setarch x86`. Bila hivyo atakuwa anatumia gcc 2.95 ya kale, ambayo haielewi `-std=gnu99`. Na mwenye OpenBSD ya amd64 aandike `make bsd CC="cc -std=gnu99"`, kwa kuwa Makefile inaita `gcc` na huko kompaila ya msingi ni clang, kwa jina la `cc`.

Kwa kifupi

*`configure` inasema `cannot guess build type`.* — Faili la `config.guess` lililo ndani ya chanzo ni la zamani kuliko mashine yako. Pakua `config.guess` na `config.sub` mpya kutoka mradi wa GNU config, uziweke juu ya zile za zamani. Tafuta kwa `find . -name config.guess`, kwani chanzo kimoja kinaweza kuwa na nakala tatu au nne katika folda tofauti, na zote zinahitaji kubadilishwa.

*`autoreconf` kwenye OpenBSD inaniomba `AUTOCONF_VERSION`.* — Matoleo kadhaa ya autoconf hukaa pamoja huko, lazima utaje unalotaka. Weka `export AUTOCONF_VERSION=2.69`, na `AUTOMAKE_VERSION` vivyo hivyo, kulingana na ulichosakinisha.

*Go niliyojenga mwenyewe ilikuwa nzima hadi nilipopandisha OpenBSD kwenda 7.5.* — OpenBSD hutoka kila miezi 6 na haiahidi kwamba programu iliyojengwa kwenye toleo moja itaendeshwa kwenye lijalo. Katika 7.5, ya Aprili 2024, iliondoa mlango wa `syscall` na kubana zaidi mahali ambapo maombi kwa keneli yanaweza kutoka, kwa hiyo programu zisizopitia `libc`, maktaba ya msingi ya C, ya mfumo hufa. Kila unapopandisha toleo, endesha `pkg_add -u` kwa vifurushi, kisha jenga upya ulivyojenga kwa mkono. Ndiyo sababu ni vizuri kila kimoja kikae kwenye folda yake, mfano `/usr/local/go124`: `ls /usr/local` inakupa orodha ya kazi, na kuondoa cha zamani ni `rm -r` moja.